Miaka 31 ya ndoa, na kitanda cha chumba cha pili

Kila asubuhi, katika nyumba moja ya mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, mke anakaanga yai. Mume anaingia jikoni akiwa amekwisha kuvaa nguo za kazini, anaketi, anakula huku macho yake yakiwa gazetini, anainuka, anampa mkewe busu la haraka ambalo mtu angempa shangazi yake, kisha anatoka. Jioni anarudi, anakula, anakaa mbele ya televisheni kutazama mafunzo ya mchezo wa gofu mpaka usingizi unamchukua kitini. Mke anamwamsha. Kila mmoja anaelekea chumbani kwake. Kesho yake yai jingine linavunjwa kikaangoni.

Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Hakuna aliyeinua sauti. Majirani wakiulizwa, pengine watasema ndoa hii ni ya kupigiwa mfano.

Hivyo ndivyo inavyoanza Hope Springs, filamu ya Kimarekani iliyotoka Agosti 2012, iliyoandikwa na Vanessa Taylor na kuongozwa na David Frankel, yule yule aliyeongoza The Devil Wears Prada mwaka 2006. Mke, Kay, ameigizwa na Meryl Streep. Mume, Arnold, ameigizwa na Tommy Lee Jones. Mshauri wa ndoa wanayemwendea katika mji mdogo wa pwani, Daktari Bernard Feld, ni Steve Carell. Filamu hii si mpya, na waliozoea sinema za milipuko na kufukuzana wataiona imepoa. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nikacheka sana. Mara ya pili nilikuwa na mwenzangu baada ya watoto kulala, na yapo mahali nilipocheka naye hakucheka. Hilo ndilo lililonifanya niilete katika ukurasa huu.

Neno moja kwanza kwa wazazi. Huko kwao filamu hii ilipewa daraja linalowataka wazazi wawe waangalifu kwa watoto walio chini ya miaka 13. Kwa maoni yangu daraja hilo ni la ukarimu mno. Mazungumzo yake juu ya unyumba ni ya wazi, na zipo dakika kadhaa ambazo mtu mwenye haya ataangalia pembeni au ataruka mbele. Si filamu ya kuiweka sebuleni siku ya Ijumaa mchana, bibi akiwa kwenye mkeka na wajukuu wamemzunguka. Ni ya wawili walio katika ndoa, mlango ukiwa umefungwa. Baada ya kusema hivyo, niongeze kwamba ni nadra kuona filamu ya mapenzi kutoka Hollywood ambamo wapenzi ni mke na mume, wote wawili wamepita umri wa miaka 60, na hakuna mwanamke wa nje wala mwanamume wa nje anayekuja kuvunja chochote.

Hapo ndipo penye ugumu wa kisa chenyewe, na pia penye uzuri wake. Tumezoea hadithi ya ndoa iwe na mkosaji. Mume mlevi, mke msengenyaji, mawifi, mke mwenza, fedha zilizofichwa. Msikilizaji akishamjua mkosaji anatulia, kwa kuwa anajua wa kumlaumu. Kay na Arnold hawana mkosaji. Arnold ni mhasibu, mchapakazi, hanywi akalewa, hapigi, hakosi nyumbani. Kay anafanya kazi katika duka la nguo za kike, anapika, anatunza nyumba. Watoto wao wawili wamekua na wana maisha yao. Zamani Arnold aliumia mgongo, akahamia chumba cha pili ili apate kulala vizuri. Mgongo ukapona. Yeye hakurudi. Hakuna siku waliyokaa wakaamua kwamba sasa tutalala mbalimbali; siku zilipita tu, na jambo la muda likawa ndiyo desturi ya nyumba.

Kisha inafika kumbukumbu ya mwaka wa 31 wa ndoa yao. Watoto wanawauliza wazazi wamepeana nini. Zawadi yao ni kifurushi kipya cha televisheni ya kebo, chenye chaneli nyingi zaidi, na Arnold analitaja jambo hilo kwa ridhaa kabisa, kama mtu aliyetimiza wajibu. Hapo ndipo nilipocheka na mwenzangu hakucheka.

Mwaka huo huo wa 2012, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Bowling Green cha jimbo la Ohio, Susan Brown na I-Fen Lin, walichapisha utafiti uliozungumzwa sana nchini mwao. Walionyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2010, kiwango cha talaka miongoni mwa Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi kiliongezeka maradufu, na kwamba kufikia mwaka 2010 takriban talaka moja katika kila nne ilikuwa ya watu wa umri huo. Hawa si vijana waliooana kwa pupa wakashtuka. Wengi wao wamelea watoto pamoja, wamezika wazazi pamoja, wamejenga nyumba pamoja. Filamu haitaji takwimu hata moja, ila Kay ni mmoja wa watu walio mlangoni mwa hesabu hiyo. Anauliza swali ambalo mke wa namna yake huogopa hata kujiuliza mwenyewe: watoto wakishaondoka, kimebaki nini kati yetu?

Katika duka la vitabu anakuta kitabu cha Daktari Feld kuhusu kuifufua ndoa, na anagundua kwamba huyo daktari hupokea wanandoa kwa juma zima la unasihi katika mji uitwao Great Hope Springs, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Gharama ni dola 4,000. Kay anazilipa kutoka katika akiba yake mwenyewe. Naomba msomaji aipime hatua hiyo kwa uzito wake. Mwanamke huyu haonekani kuwa na mazoea ya kudai. Sauti yake ni ya kuomba radhi hata anapoagiza chakula. Naye anaweka tikiti ya ndege mbele ya mumewe na kumwambia kwamba yeye anakwenda, aje au asije. Arnold anakataa kwa kejeli, anaondoka kwenda kazini, anakwaruzwa na maneno ya rafiki yake aliyekwisha achana na mkewe, na dakika ya mwisho kabisa anaingia ndani ya ndege, uso umekunjamana kama wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Kuanzia hapo ucheshi wa filamu unambeba Arnold mgongoni. Kila kitu ni ghali: kifungua kinywa ni ghali, ushauri ni ghali, mji wenyewe ni mtego wa kuwakamua wageni. Tommy Lee Jones ni mwigizaji aliyejijengea jina kwa kuigiza maaskari na watu wagumu. Alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza afisa anayemsaka mtoro katika The Fugitive. Hapa ugumu ule ule umevalishwa koti la mhasibu, na mwindwaji ni yeye mwenyewe. Kila anapolalamikia bei ya mayai unatambua kwamba anazungumza juu ya mayai ili asizungumze juu ya jambo jingine. Nadhani kila familia inamjua mzee wa namna hii. Anaweza kukutolea hotuba ya nusu saa juu ya bei ya saruji, lakini muulize hali ya moyo wake, atatafuta funguo za gari.

Mji wenyewe wa Great Hope Springs haupo. Sehemu kubwa ya picha za mji zilipigwa katika kijiji cha Stonington, jimbo la Connecticut, bandari ndogo ya zamani yenye nyumba za mbao na boti za wavuvi. Mwongozaji ameutumia udogo wa mji kwa busara. Wageni wawili wasiojua cha kusemezana hawana pa kujificha katika mji wenye barabara moja kuu. Wakitoka kwa daktari wanakutana mgahawani. Wakikimbiana mgahawani wanakutana hotelini.

Sasa nije kwa daktari, maana yeye ndiye aliyenishangaza zaidi.

Steve Carell anajulikana kwa vichekesho. Watazamaji wengi walioingia kumwona walisubiri afanye kituko, na yeye hafanyi hata kimoja. Anaketi. Anauliza swali kwa sauti ya upole. Ananyamaza. Arnold anapomtukana, anakubali kwamba jambo hili ni gumu, kisha analirudia swali lile lile. Wala hatuonyeshwi mke wake, nyumba yake, au huzuni yake mwenyewe. Wapo watakaoona huo ni upungufu wa filamu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Mshauri mzuri ni kama mizani ya sokoni: ikianza kuwa na matakwa yake, haifai tena kupimia.

Mbele yake lipo kochi refu. Siku ya kwanza Kay ameketi upande huu mwisho, Arnold upande ule mwisho, na katikati yao pana nafasi ya watu wawili wengine. Mtazame kochi hilo, ndugu msomaji, kuliko hata sura zao. Nafasi ile inapungua, inarudi, inapungua tena. Ni kipimo kisichohitaji maelezo.

Maswali ya Daktari Feld yanaanza mbali. Mlionana wapi? Uliposwa vipi? Ni lini mara ya mwisho alipokugusa bila ya kuwa na haja ya kukuomba kitu? Arnold anajibu kwa kukokotoa, Kay anajibu kwa machozi. Mfano mmoja wa daktari umebaki nami: mtu ambaye mfupa wa pua yake umepinda na hawezi kupumua sawasawa, tabibu huuvunja kwanza ndipo auweke sawa. Arnold, kwa kawaida yake, anachosikia ni kwamba amelipa fedha nyingi ili avunjwe pua.

Kisha zinakuja kazi za kufanya hotelini. Ya kwanza ni kukumbatiana tu kwa muda, basi. Watu walioishi pamoja miaka 31, wenye watoto wakubwa, wanalala juu ya kitanda na nguo zao wasijue mkono wauweke wapi. Ni kichekesho, na inauma. Lakini asubuhi Kay anaamka na kukuta mkono wa Arnold umemzunguka, usingizini, bila ya kuamriwa na mtu. Streep hasemi neno pale. Anabaki ametulia kama mtu ambaye ndege mdogo amemtulia kiganjani.

Huenda msomaji akadhani kwamba mazoezi haya yametungwa na mwandishi ili watu wacheke. Yana asili ya kweli. Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, daktari William Masters na mwenzake Virginia Johnson walifanya kazi na wanandoa kwa miaka mingi, na mwaka 1970 walichapisha kitabu kikubwa juu ya matibabu ya matatizo ya unyumba. Wanandoa waliowaendea walikaa kiasi cha majuma mawili, wengi wao wakiwa hotelini, mbali na kazi na watoto. Na agizo la mwanzo liliwashangaza wengi: walikatazwa kulifikia tendo la ndoa lenyewe. Waliruhusiwa kugusana tu, kwa zamu, taratibu, bila ya lengo. Hoja yao ilikuwa kwamba hofu ya kushindwa ndiyo inayoua hamu, basi ondoa mtihani ili hofu ikose kazi. Juma moja la Daktari Feld ni mjukuu wa majuma mawili ya St. Louis.

Yupo pia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliyewaweka wanandoa katika nyumba ndogo iliyotayarishwa na kuwaangalia wakiishi siku ya kawaida: wakipika, wakisoma, wakitazama nje. Alihesabu mambo madogo mno. Mke akisema, tazama ile mashua, je, mume anainua macho? Alipowafuatilia maharusi wa karibuni baada ya miaka 6, aliona kwamba wale waliobaki pamoja walikuwa wameitikia vijisemo vya namna hiyo mara 86 katika kila 100, na wale walioachana mara 33 tu. Ukiirudia filamu baada ya kulijua hilo, tukio la yai na gazeti halichekeshi tena. Kay anasema neno. Macho ya Arnold hayatoki gazetini. Amepotea hapo, wala hakuna aliyemwona akipotea.

Najua kuna msomaji ambaye tangu aya tano zilizopita ana pingamizi, nami nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nilikuwa nalo mwenyewe. Vipi mke na mume wakae mbele ya mgeni wamweleze ya chumbani? Sisi tumelelewa kwamba mke na mume ni vazi mmoja kwa mwenziwe, na mafundisho yetu yanakataza vikali kuyatangaza ya faragha. Kulifanya jambo la kitandani kuwa soga ya barazani ni aibu na ni dhambi. Lakini kutangaza ni kitu kimoja na kutafuta dawa ni kitu kingine. Masimulizi yametufikia ya wanawake wa Madina waliokwenda kuuliza mambo mazito ya faragha, nao wakasifiwa kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Mgonjwa akimwonyesha tabibu kidonda hajajivua nguo sokoni. Ninachokikataa katika filamu ni pale Kay, akiwa amevunjika moyo, anapoingia baa na mhudumu akaligeuza tatizo lake kuwa kura ya kunyoosha mikono kwa waliokuwemo. Watazamaji wa kwao walicheka. Mimi niliona ndipo siri ilipotoka kwa tabibu ikaenda barabarani.

Baada ya pingamizi hilo kuna swali gumu zaidi. Sisi nani huwatazama wanandoa wa mwaka wa thelathini na moja? Kitabu kitukufu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, kimeweka utaratibu wa waamuzi wawili, mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke, pale panapohofiwa mfarakano. Ni utaratibu wenye hekima kubwa, na wazee wetu wameuokoa nao wengi. Hata hivyo, katika mazoea yetu wazee hawaitwi mpaka pawe na kelele. Mpaka mke arudi kwao na sanduku, mpaka mume alalamike msikitini. Nyumba ya Kay na Arnold haina kelele. Watoto wao wenyewe walikula pale mezani wasione kitu. Na bibi harusi wetu wa pwani hufundwa na somo wake kabla ya harusi, anafundishwa kila kitu kuanzia udi hadi maneno ya kumpokea mume. Bwana harusi naye anapata nasaha zake. Kisha mlango unafungwa, na hakuna somo anayekuja mwaka wa kumi na tano kuuliza mnaendeleaje. Nimejaribu kumkumbuka hata mmoja katika ukoo wangu. Sikumpata.

Turudi Great Hope Springs. Daktari anazungumza na Arnold peke yake, na kwa mara ya kwanza upole wake una makali: anamuuliza kama hapa alipofikia ndipo mwisho wa uwezo wake. Swali hilo linampiga mhasibu panapouma, kwa sababu kazini kwake hajawahi kuambiwa kwamba ametoa nusu ya uwezo. Anapanga usiku wa mwisho kwa uangalifu wote, chakula kizuri, chumba kizuri chenye moto wa kuni, maneno ambayo hatukudhani anayo. Nasi watazamaji tunajua hadithi za namna hii zinakokwenda. Tunajiandaa kufurahi.

Haikuwa. Lililokusudiwa halikutimia, na Kay, badala ya kuona mwili uliochoka wa mtu mwenye hofu, anaona jibu la swali alilolibeba miaka yote: kwamba yeye hatamaniki tena. Meryl Streep alipendekezwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa kazi hii, na kama ni tukio moja lililomfikisha huko, nadhani ni hili, ambalo ndani yake hapigi kelele hata kidogo. Wanarejea Omaha. Daktari anawaambia wamepiga hatua, waendelee na mshauri wa karibu. Yai linakaangwa. Gofu inarudi kwenye televisheni.

Na Kay anaanza kufunga nguo zake mkobani.

Sitasimulia usiku wa mwisho, kwa kuwa anayetaka kuiona atanilaumu. Nitasema tu kwamba safari hii anayetembea kutoka chumba kimoja kwenda kingine si yule aliyezoea kutembea, na kwamba hakuna daktari, hakuna moto wa kuni, wala zoezi la kutimiza. Asubuhi yake Arnold anamaliza chakula, anachukua vitu vyake, anafika mlangoni kama alivyofika mlangoni asubuhi elfu kumi na zaidi. Kisha anageuka.

Filamu ina kasoro zake. Nyimbo zimetumika kupita kiasi; mara kwa mara, wakati nyuso za waigizaji zimekwisha kusema yote, wimbo unaingizwa kutuambia tuhuzunike au tufurahi, kana kwamba hatuna macho. Mwisho nao unakuja kwa haraka mno. Miaka ya ukimya inatatuliwa usiku mmoja, na majina ya waigizaji yanapoanza kupita tunaonyeshwa wakirudia ahadi zao ufukweni, Daktari Feld akiwapo, kila mtu anatabasamu. Ndoa halisi, aghalabu, ingehitaji asubuhi mbili tatu za kurudi nyuma kabla ya hapo. Tena Kay amepewa machozi mengi na makosa machache. Arnold analaumiwa, anabadilika, anasifiwa. Lakini aliyekaa kimya miaka mingi ni wawili, na ningependa daktari amuulize Kay pia kwa nini hakugonga ule mlango wa chumba cha pili wiki ya kwanza mgongo ulipopona. Kuna dokezo kwamba naye alikuwa anajikunyata, lakini filamu inalipita haraka.

Pamoja na hayo, iliingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani, hesabu kubwa kwa filamu ambayo sehemu yake nzuri ni watu wawili wazee wameketi kwenye kochi wakiulizwa maswali.

Tulipomaliza kuitazama, nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakucheka pale pa kifurushi cha televisheni. Alifikiri kidogo. Akaniuliza kama nataka jibu la haraka au jibu lenyewe. Nikasema jibu lenyewe.

"Basi kizime hicho kwanza, mume wangu," alisema, "kisha usogee huku."